Ukungu wa Chumba cha Mwisho

"Huyo jirani yenu anafuga uchawi ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo," Wangoi alimwapia Nereah pale mferejini wakiteka maji. "Nimeuona, una manyoya!" Nereah alicheka kidogo tu, kichovu, akamfunika binti yake Akeyo kichwa kwa leso, maana mapunye, fangasi wa kichwani, yalikuwa yamemla nywele mtoto. Jirani huyo, mpangaji wa chumba cha mwisho anayeosha vyombo vya kioo vya maabara, Nereah alimjua kwa kuburuta miguu kila jioni, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayembeleza mtoto alale, na kwa mikono aliyoificha kwapani hata akisalimia. Jioni hiyo Nereah alimwendea na Akeyo, akamwomba amwonyeshe kopo. Mlikuwa na kipande cha mkate chenye ukungu mweusi upande mmoja, wa kijani upande wa pili, na katikati mkate mweupe, mtupu.

"Huu wa kijani unatoa dawa yake, mama Akeyo. Ule mweusi hauthubutu kuvuka. Wakubwa kazini wanaiita protini. Wanasema huenda siku moja ikatibu mimea, hata watu."

"Basi mpake huyu, mzee. Nimechoka kumshika mikono asijikune."

"Nimpake mtoto kitu ambacho sijajipaka mwenyewe?" Akaitoa mikono kwapani. Maji ya kazi yalikuwa yameziachia kucha fangasi, zikawa nene na za njano, zikimeguka kama maganda. Akamnyooshea wembe na kidole gumba.

"Nikwangulie ukucha huu, mama, dawa ipenye. Tuanze na mimi."