Siku Njoki Aliponisalimia Kama Mbuzi

Enzi zetu kule Mutomo, maji hayakufunguliwa kwenye mfereji, yalichimbwa. Shule ikifungwa tulibeba mitungi mbio hadi mto mkavu, tukafukua mchanga kwa vikombe, kisha tukangoja maji yajikusanye polepole. Tukingoja, tulicheza kati, mmoja katikati akikwepa mpira wa makaratasi tuliomrushia, na kula muthokoi baridi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwa vidole, mchanga ukilia menoni.

Njoki alikuja tukiwa darasa la sita. Babake alikuwa ametoka Nyeri, wasikoongea Kikamba chetu, kufungua duka la nguo sokoni. Msichana hakuongea na mtu, na mimi ndiye niliyeeneza kwamba ana maringo. Mama alinisikia, akaacha kupepeta pojo.

"Mwende, umewahi kuongea naye?"

"La, mama."

"Basi hayo maringo umeyaonea wapi?"

Jumamosi moja tukajikuta mtoni wawili tu, shimo moja, yeye akiwa mbele. Nikamuuliza, "Mbona huongei na sisi?"

"Mtacheka Kikamba changu."

"Kwani unakijua?"

"Najifunza. Kila asubuhi nasalimia mbuzi wa jirani."

Nikamsihi anisalimie vivyo hivyo. Akasimama wima, mikono nyuma, kama mgeni aliyeitwa mbele ya kanisa: "Wi museo?" Yaani, u mzima?

Nilicheka hadi nikaketi mchangani! Naye akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia. Basi maswali yakanitoka mfululizo. Akaniambia mamake alibaki Nyeri na mtoto mchanga, na kwamba jioni, mama zetu wakituita nyumbani, yeye huziba masikio.

Kicheko kikaniishia. "Ni mimi niliyesema una maringo."

"Najua," akasema, akasogeza mtungi wake kando. "Chota wewe kwanza."

Jumatatu nilizunguka darasa zima nikifuta uongo wangu. Kufikia mapumziko Njoki alikuwa katikati ya mchezo, akikwepa mpira na kukosea Kikamba kwa sauti kubwa.

Siku hizi tuna mfereji uani, na binti yangu ana marafiki mia nne kwenye simu. Juzi nilimuuliza rafiki yake mkubwa kuliko wote huogopa nini. Hakujua. Akamwandikia amuulize, na baada ya muda jibu likaingia: kikatuni kinachocheka.

Binti akanionyesha, ameridhika kabisa.