Dakika Kumi za Mikumi

Msimu ule nilikuwa nahodha wa timu yetu ya Magomeni, hapa Kilosa mjini. Tulishinda mechi mbili za mwanzo, Lumuma wakatufunga nne bila, kisha tukatoka sare na Kidodi kwenye uwanja uliojaa tope. Watu hawakujua watuite wazuri au wabovu. Hata sisi wenyewe hatukujua.

Mechi ya tano tulikwenda Mikumi. Golikipa wetu alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Tukiwa tunaongoza bao moja, aliruka kudaka krosi, akagonga kichwa kwenye nguzo ya goli. Alipoinuka aliuliza tunacheza na nani.

"Na Mikumi," nikamwambia. "Unaweza kuendelea?"

Alinitazama kama hanijui. "Tunaongoza?"

"Tunaongoza. Zimebaki dakika kumi. Vumilia, ndugu yangu, kipa wa akiba hatuna."

Ilikuwa kweli, kipa wa akiba alikuwa msibani. Lakini yeyote kati yetu angeweza kuvaa glovu zile, na nililijua hilo wakati nikisema.

Akavumilia. Alipangua mipira miwili ya hatari, tukashinda. Tulimbeba juu juu tukiimba, naye akatapikia jezi yangu. Tukacheka, tukasema ni jua.

Kabla gari halijafika Kilosa alikuwa haamki. Akapewa rufaa kwenda Morogoro. Siku tisa hakufumbua macho, na alipoyafumbua, mkono na mguu wa kulia vilikuwa havimtii, maneno yakimtoka nusunusu.

Nilikwenda kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa akichambua mchicha, hakuinua uso. "Nasikia alikuwa ameshaumia, akaambiwa aendelee."

"Ndiyo, mama. Ni mimi niliyemwambia."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema tu, "Angalau wewe umesema. Wenzako wote waliokuja hapa wanadai hawakuona kitu."

Afadhali angenitukana.

Mechi zilizobaki tulicheza. Tukashinda moja, tukafungwa mbili, tukamaliza katikati ya msimamo. Wenzangu walisema kwa timu kama yetu si haba. Nilirudisha kitambaa cha unahodha, na sijagusa mpira tena.

Siku hizi, kila Jumapili asubuhi, humfanyisha mazoezi ya kutembea, kutoka mlangoni kwake hadi relini na kurudi, ameniegemea. Wiki iliyopita, tukiwa tumesimama relini, aliniuliza kwa taabu kwa nini mimi bado naja na wenzetu wameacha. Yeye siku ile haikumbuki kabisa. Nikamweleza yote, pamoja na nilichokijua wakati nikimwambia avumilie.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauondoa mkono wake begani kwangu, akaanza kurudi peke yake, akishikilia kuta za nyumba za watu. Nilimfuata kwa nyuma, hatua chache, hadi alipoingia ndani na kufunga mlango.