Karanga za Mama Kaluki

Karani kijana wa duka la ushirika hapa Mbumbuni alikuwa na sufuria yake, mwiko wake na kisu chake, na hakutaka mtu aviguse. Kila Jumamosi alichemsha bomba la sindano kwenye jiko la makaa, akalifunga kwa kitambaa safi, akalitia mfukoni pamoja na kichupa cha dawa. "Karanga zinaweza kuniua," alitujibu tulipomuuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza unataka sukari kiasi gani. Tulicheka. Nani amewahi kuuawa na karanga? Akikaribishwa kula alinusa kwanza, na akina mama wakanuna: anatuona wachawi.

Siku ya mavuno kanisani, Mama Kaluki alimwapia kwamba mboga zake za kunde hazina karanga. Akala. Mara midomo ikamvimba, koo likakoroma kama la mbuzi anayechinjwa. Wazee wa kanisa wakaanza kukemea pepo. Yeye hakumtazama mtu. Vidole vyake, bila kutetemeka, vilivunja kichupa, vikavuta dawa, vikamdunga pajani kupitia suruali. Tuliduwaa mpaka pumzi yake iliporudi.

"Karanga nilizisaga laini kabisa," Mama Kaluki akasema, mikono kichwani. "Nilitaka tu ajue chakula changu hakina sumu."