Bei ya Chini ya Shuka

Aweys Nunow aliingia golini kwa sababu ya mbuzi. Alihamia Garissa kutoka upande wa Diff, baada ya ukame kumaliza wanyama wa baba yake, akawa dalali katika soko la mifugo. Walioanzisha timu ya Nyota ya Mnadani walimwona siku moja akimnasa beberu mguu wa nyuma huku akiendelea na maongezi yake, wakasema, kipa wetu ndiye huyu.

Tangu hapo alisimama kati ya milingoti kila msimu wa ligi ya wilaya, ile ndogo isiyoandikwa gazetini. Uwanja wao ulikuwa mchanga mtupu. Miba ilitoboa mipira, ngamia waliokwenda mtoni walikatiza katikati ya mchezo, na mwamuzi alifanya haraka ili watu waiwahi swala ya magharibi. Wakienda kucheza katika kambi ya wakimbizi ya Ifo walipanda lori la mifugo, na walirudi wakiimba, wananuka kama mzigo wa kawaida wa lori hilo.

Mwaka wa tisini na sita goti lake la kushoto lilianza kukataa kazi. Mipira ya chini ya upande ule ilimpita huku akiitazama. Wenzake waliona, wakanyamaza. Aliyesema ni mkewe Timiro, aliyeuza chai ya maziwa ya ngamia kando ya uwanja.

"Jana uliruka kama mzee anayeshuka kitandani."

"Niliruka mahali pake."

"Mahali pake, sawa. Ila mpira haukuwa hapo."

Aweys alicheka, lakini usiku alilikanda goti kwa mafuta ya simsim. Alijua. Abdilatif, mpakiaji wa mbuzi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kudaka, alikuwa tayari tangu msimu uliopita.

Mambo yaliharibiwa na Mwalimu Kinoti, kocha wao, Mmeru aliyeletwa Garissa kufundisha shule ya msingi. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Darajani. Nyota wakipata sare wangebaki kwenye ligi, wakifungwa wangetolewa. Basi mazoezini, mbele ya timu nzima, mwalimu akauliza kwa nia njema kabisa:

"Aweys, hilo goti lako likoje?"

Watu wa mnadani waliinamisha vichwa. Dalali haulizwi bei kwa sauti. Ukimuuliza hadharani atataja ya juu, kisha itambidi aisimamie mpaka jua lichwe.

"Goti iko nzima kabisa, Mwalimu," alisema Aweys. "Mimi nadaka."

Nahodha Bare akadakia papo hapo, "Na Aweys asipodaka, mimi natoa viatu, sichezi tena, wallahi."

Kinoti akabaki na kalamu mdomoni, asijue alichokosea. Aweys alirudi nyumbani akiwa mzito. Kujitoa sasa kungekuwa kujiaibisha na kumwaibisha Bare. Kudaka mechi nzima kungekuwa kuizamisha timu kwa goti lake mwenyewe.

Siku ya mechi alifika uwanjani na shuka lake la sokoni begani. Wenzake wakivaa viatu, alimwendea Kinoti.

"Mwalimu, leta mkono."

Kinoti alifahamu. Krismasi iliyopita Aweys alimsaidia kununua mbuzi, akamfundisha jinsi muuzaji na mnunuzi wanavyopatana kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, ili anayekubali kushuka asionekane na mtu. Siku ile mwalimu aliminya vidole kama anayekamua ng'ombe, soko zima likacheka.

Aweys aliifunika mikono yao kwa shuka, akamnong'oneza, "Kidole moja, dakika kumi."

Wachezaji waligeuza nyuso pembeni, kama inavyopasa. Abdilatif alijitia anafunga kamba iliyokwisha kufungwa.

Mkono wa mwalimu ulikuwa na jasho. Ulitafuta vidole vya Aweys polepole, ukashika vinne. Karibu kipindi kizima! Aweys alikuwa amejiandaa kubishana, naye amepewa zaidi ya alichotegemea. Kwa kitambo alitamani kuvishika vile vinne. Angekipata kipindi kimoja cha mwisho, mipira ya kutosha, jina lake likiitwa kutoka kila upande.

Kisha akachomoa kidole kimoja. Akachomoa kingine. Akachomoa cha tatu.

Kinoti alimtazama usoni. Aweys alikuwa akiangalia mbali, kama mtu anayepima mbuzi wa jirani.

"Haye," akasema kwa sauti, akitoa shuka. "Mimi na Mwalimu tumepatana."

Hakuna aliyeuliza. Aweys alivaa glavu, akaingia golini, na Bare akapiga makofi kuliko wote.

Haukuwa mchezo wa kusimuliwa. Mpira ulikwama katikati ya uwanja, kisha kundi la mbuzi likakatiza, mwamuzi akasimamisha mchezo hadi mwenye kundi alipomaliza kugombana na kila mtu. Aweys aligusa mpira mara moja tu, alipoupiga kutoka golini. Aliupiga kwa mguu wa kulia, ukaenda mbali.

Dakika kumi zilipotimia akaketi mchangani, akainua mkono.

"Umeumia?" Bare alimkimbilia.

"Goti imekataa, walaal, ndugu yangu. Ita Abdilatif."

Akamvisha kijana glavu kwa mikono yake mwenyewe, akatoka akichechemea. Uwanja mzima ulimpigia makofi, hata wa Darajani.

Mechi iliisha bila bao. Abdilatif alilala mara mbili upande wa kushoto, chini kabisa, na mara zote mbili mpira ulikuwa hapo.

Watu walipokwenda swala, Timiro alimwekea mumewe kikombe.

"Mlipatana ngapi na Mwalimu?"

Bei ya chini ya shuka haisemwi. Aweys aliingiza mkono chini ya kitambaa kilichofunika sinia, akautafuta mkono wa mkewe, akashika kidole kimoja.

"Kimoja tu? Nawe unajiita dalali?"

"Alinipa vinne."

 Timiro hakuuondoa mkono wake chini ya kitambaa. Kwa ule mwingine akachukua birika, akamjazia kikombe mpaka pomoni.