Oili Iliyopimwa Kwenye Mteremko

Wewe unayenisikiliza, kama una gari nje, liache hapo lilipo kwanza. Tutalifikia. Nataka kukueleza habari ya oili ya injini, na nitakueleza taratibu, maana ndivyo nilivyoumbwa. Ila sauti ikinipanda, nivumilie. Imepita miaka mingi, na bado kila nikivuta kijiti cha kupimia oili namkumbuka mtu aliyeitwa mwizi mbele yangu, nami nikiwa na maneno ya kumwokoa mdomoni.

Mwaka 1992 nilikuwa fundi wa pili katika gereji moja ya Gikondo, hapa Kigali. Fundi wa kwanza alikuwa mzee kutoka Bujumbura, mfupi, vidole vinene, ambaye alinipokea nikiwa sijui kutofautisha spana ya kumi na tatu na ya kumi na nne. Hakupenda maneno. Mimi niliyapenda. Mteja akija na maswali, mzee alininyooshea kidole bila kutoka chini ya gari. "Muulize profesa yule," alisema. "Mimi nina kazi."

Mwenye gereji tulimwita patroni. Alikaa mtaa wa Kiyovu, katika nyumba ya zamani yenye bustani, na alikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa jeupe, la kwenda ofisini Kacyiru na misa ya Jumapili. La pili lilikuwa la mashindano, lenye turbo ya kuisukumia injini hewa, ndani limejaa mabomba ya chuma kama kizimba cha kuku. Hilo lililala gerejini kwetu, likitoka tu kwenda kurushwa kwenye barabara za vumbi.

Mwaka ule patroni alianza kuagiza oili ya sintetiki kutoka Ulaya. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita, hivyo makopo yalizunguka Tanzania na kuingia kwa mpaka wa Rusumo, na yalipofika bei yake ilikuwa kama ya manukato. Patroni alitaka kuwauzia marafiki zake wenye magari. Lakini kwanza alitaka kusema, "Nimejaribu mwenyewe." Nia hiyo sikuiona mbaya, na leo pia siioni mbaya.

Hapa nikueleze kidogo. Oili ya kawaida hutokana na mafuta ya ardhini yaliyosafishwa. Ndani yake kuna chembe nzito na nyepesi zimechanganyika, na injini ikichemka sana zile nyepesi hutoroka na moshi, zinazobaki zikawa uji mweusi. Sintetiki hutengenezwa kiwandani ili chembe zake zifanane, kwa hiyo baridi haiigandishi upesi na joto haliilegezi ovyo. Kwenye kopo utaona namba mbili. Ya kwanza inakuambia itakavyokuwa injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili hukimbia haraka asubuhi. Ya pili inakuambia uzito wake injini ikishapata moto. Gari la mjini, linalowashwa na kuzimwa baada ya dakika kumi, linataka ile ya kwanza iwe ndogo, kwa kuwa injini huumia zaidi katika sekunde zile za kuwashwa, kabla oili haijafika juu. Gari la mbio linaitegemea zaidi ya pili. Turbo ikishakuwa nyekundu kama kaa la jiko, oili inayolegea hapo inakuwa imekuua.

Basi tukaweka tano-arobaini katika gari jeupe, na kumi na tano-hamsini katika gari la mbio. Mimi nilipewa daftari. Jumatatu asubuhi nilipanda Kiyovu kulichukua gari jeupe, tukalipima gerejini, na mchana nikalirudisha. Jumapili patroni alilipima mwenyewe nyumbani, akitoka misa, akaandika kwenye karatasi yake. Tulitaka kujua oili ipi inachafuka upesi, na ipi inanywewa na injini kuliko nyingine.

Jumatatu ya kwanza, gari jeupe likiwa juu ya sakafu yetu ya sementi, mzee alivuta kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole.

"Ameongeza," alisema. "Anaimiminia kama chai ya wageni."

Oili ikizidi, shafti inayozunguka chini huipiga mpaka itoe povu, na povu halilindi chuma. Kwa hiyo mzee alilegeza nati ya chini, akaitoa iliyozidi katika jagi safi mpaka kijiti kikaonyesha sawasawa. Hakuimwaga. Ilikuwa bado rangi ya asali. Aliitia katika jerikani jipya la lita tano, akabandika utepe juu yake na kuandika kwa kalamu: *ya patroni*. Akaliweka chini ya meza yake ya kazi, mbali na vumbi.

"Ukimrudishia gari," aliniambia, "mwambie asiongeze kitu."

Nilikwenda. Patroni alikuwa barazani na wageni. Sasa sikiliza nilichosema, maana nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Nilisema, "Patroni, oili inatosha, iko vizuri kabisa." Akatabasamu. Nami nikatabasamu. Mtu apendaye kueleza ana ugonjwa wake: anataka kila anayemsikiliza abaki na raha. Kumwambia tajiri mbele ya wageni wake kwamba asiguse gari lake mwenyewe kuliniwia vigumu, basi nikaligeuza neno likawa laini, na lilipokuwa laini halikuwa tena lile neno.

Katika daftari niliandika: *sawa*. Niliandika hali ya oili baada ya mzee kuipunguza. Ile iliyozidi sikuiandika.

Ikawa hivyo kila wiki. Jumapili anaongeza, Jumatatu mzee anapunguza, mimi naandika *sawa*. Wiki ya saba jerikani lilikuwa karibu kujaa.

Jumanne ya wiki ile patroni alikuja gerejini, jambo ambalo hakulizoea. Alikuwa na karatasi yake mkononi.

"Fundi," alimwambia mzee, "gari ya mbio nimeipiga siku mbili nzima kwenye vumbi, haikunywa hata kikombe. Hii ya kwenda kanisani inakunywa zaidi ya nusu lita kila wiki. Mimi nitasema nini kwa wateja?"

"Hainywi, patroni. Unaongeza bure."

"Naongeza kwa sababu imepungua. Niko na macho." Akanigeukia. "Soma daftari."

Nikasoma. Sawa. Sawa. Sawa. Mara saba.

"Jumatatu iko sawa, Jumapili haiko. Injini haivuji, moshi hakuna. Basi katikati hapo oili yangu inakwenda wapi?" Alikuwa akizunguka huku akisema, na mguu wake ukagonga jerikani chini ya meza. Akainama, akafungua kifuniko, akachovya kidole. Rangi ya asali.

"Soma utepe," mzee alisema.

"Nimesoma. Mwizi mwenye akili ndivyo anavyoandika."

Mzee hakupaza sauti. Alinitazama. Alisubiri niseme kwamba alinituma, kwamba tangu wiki ya kwanza alinipa ujumbe niupeleke Kiyovu. Nami nikaanza kueleza. Nilieleza povu, nikaeleza shafti, nikaeleza nati ya chini. Neno la kutumwa sikulisema, maana lingenigeukia mimi. Patroni alinisikiliza kwa heshima. "Lakini imezidi vipi," aliuliza, "kitu ambacho mimi naona kimepungua?" Nikarudia povu na shafti. Jioni ile mzee, akiwa amefukuzwa kazi, alikusanya spana zake.

Jumapili iliyofuata nilipanda Kiyovu kwa miguu, bila kuitwa. Nililikuta gari jeupe mahali lilipokaa siku zote, kwenye njia ya ndani inayopanda kutoka getini hadi barazani, pua juu, mkia chini. Nilikuwa nimelichukua pale Jumatatu saba. Kila mara nilifungua mlango, nikawasha, nikaondoka, wala sikutazama lilivyosimama. Katika mji huu kila kitu kimesimama upande. Nyumba, vibanda, hata sisi. Tumezoea mno kiasi kwamba tambarare ndiyo inayotushangaza.

Kijiti cha gari lile kilikuwa upande wa mbele wa injini. Gari likipanda pua, oili yote inakimbilia nyuma. Na patroni alikuwa akipima mara tu anapofika kutoka kanisani, injini ya moto, nusu ya oili ikiwa bado juu haijashuka.

Nilimwomba ufunguo, naye ndio kwanza ametoka misa na hajaongeza kitu. Nikapima mbele yake pale pale: ncha ya kijiti ilikuwa karibu kavu. Nikaachia breki, gari likateremka taratibu hadi nje ya geti, ambapo barabara imelala tambarare. Tukangoja dakika kumi. Nikapima tena. Ilikuwa kwenye alama ya juu hasa, kama mzee alivyoiacha Jumatatu. Kisha nikachukua glasi yake ya bia mezani, nikaiinamisha, nikamwonyesha jinsi bia inavyopanda upande mmoja na kuukimbia mwingine, na hakuna aliyekunywa.

Akaichukua glasi mkononi mwangu. Akaiinamisha mwenyewe, huku, kule.

"Naelewa," alisema. "Umeeleza vizuri sana. Wewe ni mwalimu."

"Kwa hiyo mzee arudi kesho, patroni?"

"Arudi kufanya nini?"

"Si umeona hakuiba?"

"Nimeona." Akanywa bia. "Lakini watu nimeshawaambia. Nikimrudisha, watasema patroni hajui kupima oili, na hao ndio nataka kuwauzia. Halafu jerikani ilikuwa chini ya meza yake. Haikuwa chini ya yako." Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma hadi leo. "Wewe chukua nafasi yake."

Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kwamba mtu hukosea kwa kutoelewa, na kwamba ukimweleza polepole, kwa mfano mzuri, atatengeneza alichoharibu. Yule alielewa. Alielewa kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha. Tangu siku ile aliliteremsha gari mpaka nje ya geti kila alipotaka kulipima, na aliuza makopo yake yote akisema amejaribu mwenyewe, kisha akaagiza mengine. Mambo niliyomweleza aliyageuza biashara. Na mimi? Nilikubali nafasi. Nilikaa miezi minne juu ya kigoda cha mzee. Ukitaka kunikasirikia, hapo ndipo.

Nilimtembelea mzee mara moja, chumbani kwake Nyamirambo. Alikuwa akizifunga spana katika magunia, kila saizi peke yake. Alikwisha kupita gereji zote alizozijua akitafuta kazi. Hazikuwa nyingi, na jina lake lilikuwa limefika kabla yake. Katika gereji moja walimwambia aache kwanza mfuko mlangoni.

Nilimsimulia mteremko, kijiti, glasi ya bia. Alisikiliza huku akifunga.

"Mimi nilidhani anaongeza kwa raha tu," alisema. "Sikuwahi kufika kwake. Lakini Jumatatu ile ya kwanza, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia inatosha."

"Mimi nilikwambia useme inatosha?"

"Hapana, mzee."

"Nilisema nini?"

"Asiongeze kitu."

"Maneno mawili." Akakaza kamba ya gunia kwa meno. "Nilikupa maneno mawili ubebe kutoka Gikondo hadi Kiyovu. Yalikuwa mazito, profesa?"

Nilitaka kueleza. Akanionyesha mlango, bila ukali, kwa kidole kile alichokuwa akiwaelekezea wateja kwangu.

Wiki ile alirudi Bujumbura na magunia yake. Sikumwona tena wala sikupata habari zake. Gereji nayo ilikwisha mwaka 1994 pamoja na mengine mengi, na hayo si ya kuyaingiza katika habari ya oili.

Wateja wangu wa sasa huniuliza ipi bora, ile nyepesi au ile nzito, na iwapo gari la kawaida lina haja ya oili ya gari la mbio. Nawajibu vizuri, wanaondoka wameridhika. Lakini kopo la bei ghali kuliko yote halitakusaidia kama oili unaipima vibaya.

Sasa nenda kwenye gari lako. Tafuta mahali palipolala. Kama huna hakika, weka chini sahani ya maji, uone kama maji yanakimbilia upande mmoja. Simamisha gari hapo, zima injini, ngoja dakika kumi. Vuta kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kivute tena, ndipo usome. Na ukikuta oili imezidi katika gari la mtu mwingine, mwambie hivyo hivyo, asiongeze kitu.