Mishikaki ya Inchi Kumi

Wakazi wote wa Walthamstow, wenye njaa na walioshiba, wanatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba fundi cherehani wa ghorofa ya pili amerejea salama kutoka Penang, alikokwenda kula vyakula vya barabarani na Jokha. Jokha huyo ni shoga wa Mwatima kwa miaka thelathini sasa, ndiyo maana leo Mwatima amesimama mbele ya fundi, mikono juu, akipimwa gauni asilolihitaji. Fundi huzungumza na pini mdomoni na haidondoki hata moja. Kila akipima mahali, husafiri. Akifika kifuani huiacha kazi, akaikunjua futi hewani: "Mishikaki ya kule, mwenzangu, inchi kumi! Na mchuzi wa karanga unatiririka mpaka hapa," akagusa kiwiko. Kisha hufumba macho, akameza mate. Mwatima naye humeza, lakini yake machungu. Kwenye picha iliyobandikwa ukutani Jokha kaliegemea bega la fundi, mashavu yamejaa, anacheka. Bega la Mwatima hajaliegemea hata kwenye basi.

"Hivi kwa nini hakunichukua mimi?" likamtoka.

Kwa mara ya kwanza fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja.

"Alisema ukiwepo wewe, mpaka umalize kumhoji muuzaji kuku kachinjwa na nani, kuku mwenyewe keshapoa. Haya, shusha mikono."