Nyumba Tuliyomwelekeza Baba

Mama yangu alimwelekeza marehemu baba kwenye nyumba ambayo hatukuhamia. Najua sentensi hiyo inavyosomeka. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kupima damu za watu na kuandika kilichopo, na kama ingekuwa imeandikwa na mwingine ningeipita huku nikicheka moyoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ilianza na jambo la kawaida kabisa, kuhamishwa kikazi.

Tulikuwa tunaishi Kihesa, Iringa, mimi na mama, katika nyumba aliyoijenga baba. Baba alikuwa seremala. Tulimzika kijijini, kwenye shamba la familia, karibu na wazazi wake. Alikuwa mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuweza kukaa kwenye kiti kinachocheza. Akienda kwa watu, hata msibani, alikitikisa kiti kwanza, na kikicheza aliinama kutafuta kitu cha kuweka chini ya mguu wake. Mara nyingi ilikuwa ni kipande cha gunzi la mahindi. Alilivunja, akalipachika, akatikisa tena, ndipo akakaa. Sisi tulimcheka sana. Ungeweza kujua nyumba alizopita kwa kuchungulia chini ya viti vyao.

Nilipoambiwa kwamba hospitali moja ya Mbeya ilikuwa inanihitaji, mama alisema tutakwenda wote. Alikuwa na presha, na dawa alizimeza pale tu nilipomsimamia, kwa hiyo hata mimi sikuwa na mpango wa kumwacha. Tulipanda basi tukaenda kutafuta pa kuishi. Dalali alituzungusha siku nzima mpaka zikabaki nyumba mbili.

Ya kwanza ilikuwa mjini, Soweto, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ilikuwa mwendo wa miguu kutoka kazini. Maji yalikuwepo, soko lilikuwa karibu, na kelele zilikuwa za bure, asubuhi hadi jioni. Mama alizunguka vyumba vile akiwa amekumbatia mkoba wake, akauliza mboga atapanda wapi. Dalali akacheka. Mama hakucheka.

Ya pili ilikuwa pembezoni, ng'ambo ya Uyole, pale ambapo nyumba zinaisha na viazi vinaanza. Ilikuwa saa nne asubuhi lakini ukungu ulikuwa haujaondoka. Tuliteremka kwenye barabara kuu, tukafuata mstari wa mikaratusi, tukapita nyumba moja, nyingine, halafu pakawa kimya. Mama mmoja alitokea ndani ya ukungu akiwa ameshika ufunguo. Ndiye jirani, na mwenye nyumba aliyekuwa mbali alikuwa amemwachia ulinzi. Nyumba ilikuwa mpya, haijawahi kukaliwa, na rangi yake ilikuwa bado inanuka. Lakini barazani palikuwa na kiti kimoja cha plastiki, kimegeuzwa kutazama njia.

"Kiti cha nani?" nikauliza.

"Kiko tu," yule jirani akasema. "Tumeikuta."

Nilikikalia wakati mama akikagua uwanja. Kilikuwa kinacheza. Mama alichota udongo mweusi kwa kiganja, akaunusa, akaufuta mkono kwenye kanga yake taratibu. "Hapa hata mgeni hapotei," alisema. "Anashuka barabarani, anafuata mikaratusi, nyumba ya mwisho." Kwake yeye habari ilikuwa imekwisha.

Kwangu haikuwa imekwisha. Tuliporudi Iringa nilipiga hesabu zangu za mtu mzima. Kazi yetu ina zamu za usiku. Nilijiona nikishuka pale barabarani peke yangu, ukungu ukiwa mzito na miti ikidondosha maji, nyumba yangu ikiwa ya mwisho. Pembezoni ni pazuri kwa mtu anayerudi mchana. Nikampigia dalali nikiwa kazini, nikamwambia tunachukua ya Soweto. Jioni nikamkuta mama anachambua maharage, nikampa habari.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Mbona nimeshamwambia?"

Nilijua anamsema nani. Katika ukoo wetu hatuhami bila kuaga makaburini. Mtu huenda asubuhi, husalimia, halafu huwaeleza waliolala pale kwamba tunaondoka, tunakwenda mahali fulani, na njia yake ni hii na hii. Asiyeambiwa hubaki anatafuta. Mama ni Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, kwa hiyo hakubeba unga wala pombe kama bibi zake. Alibeba maji ya kumwagilia maua, na maneno. Jambo lenyewe hakuliita jina lolote, na mchungaji hakuulizwa. Wakati mimi napima na kupima tena, yeye alikuwa ameshakwenda kijijini na kumweleza baba: shuka barabarani, fuata mikaratusi, nyumba ya mwisho.

"Basi nenda ukamwambie tena," nikasema. Nilikuwa nimechoka na sikutaka ugomvi.

Alikwenda Jumamosi. Alirudi mapema kuliko nilivyotegemea, akakaa bila kuvua viatu.

"Umemwambia?"

"Hayupo."

"Hayupo wapi, mama?"

"Kaburini. Nimesalimia, hakuna mtu." Alisema kama mtu aliyekwenda kwa jirani akakuta mlango umefungwa. "Ameshaondoka."

Niliingia jikoni nikawasha jiko, na nywele za shingoni zilikuwa zimenisimama. Nilijikasirikia kwa hilo.

Tulihama na lori la mizigo, sisi wawili tumekaa mbele na dereva. Mama alichukua upande wa dirisha. Tangu tulipoiacha Iringa hakusinzia hata kidogo. Kila mzee aliyekuwa anatembea kando ya barabara, mama alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma yetu. Tuliposimama Chimala kununua mchele, nilimkuta ameshuka upande wa pili, anawatazama wapita njia mmoja mmoja, na kilo zetu kaziacha kwenye mizani ya mwenye duka. Nikamuuliza anatafuta nini. "Naangalia tu," akasema, akapanda.

Soweto tulipanga vitu vyetu, na kiti cha mama tukakiweka dirishani. Kilikuwa cha mninga, kazi ya mkono wa baba, na Kihesa hakikuwahi kutikisika. Lakini vigae vya ile sebule vilipandana. Kila mama alipokaa, kila alipoegemea, mguu mmoja uligonga sakafu: ko. Nilikuwa nausikia mlio ule nikiwa kitandani, jikoni, bafuni. Nilimwahidi kwamba nitatafuta kitu cha kuweka chini yake. Kazi zikanizidi, nikasahau, na mlio ukaendelea.

Haikupita wiki yule jirani wa ng'ambo ya Uyole akanipigia simu. Namba yangu alikuwa nayo tangu siku ile. Nilikuwa nasonga ugali, nikaweka spika.

"Dada, mgeni yenu amefika huku."

"Mgeni gani?"

"Mzee moja hivi. Ana koti ya kahawia. Anasema mnahamia hapa, atawasubiri. Nimemwambia akae kwenye ile kiti."

Koti la kahawia ndilo tulilomzika nalo baba. Nilimgeukia mama. Alikuwa anatazama simu, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote tangu tuhame.

"Mpe simu niongee naye," nikasema.

Tulimsikia jirani akitembea kwenye majani makavu, akiita shikamoo mzee, shikamoo. Halafu kimya. Halafu akarudi hewani. "Katoka kidogo. Labda ameenda uani."

Nilijisemea kwamba ni tapeli. Watu wanasikia habari za nyumba tupu, wanatunga. Nilikwenda mwenyewe kesho yake mchana nikiwa na hasira za kutosha watu wawili. Ukungu ulikuwa palepale, kama haukuwa umeondoka tangu siku ile ya kwanza. Barazani hapakuwa na mtu. Kiti cha plastiki kilikuwa kinatazama njia. Nikakishika nikakitikisa.

Hakikucheza. Chini ya mguu wa nyuma palikuwa na kipande cha gunzi, kimevunjwa vizuri, kimepachikwa.

"Aliokota kwenye mahindi yangu," jirani akasema nyuma yangu. "Mzee mstaarabu. Alinisalimia kamwene. Mi hiyo lugha siijui, nikamwitikia tu ndaga ya kwetu, akacheka."

Nilisimama pale nikilitazama lile gunzi jinsi ninavyotazama kioo cha hadubini. Gunzi liko kila mahali. Mtu yeyote anaweza kuliweka chini ya kiti. Wahehe kama sisi, wanaosalimia kamwene, wamejaa Mbeya, na makoti ya kahawia yamejaa mitumbani. Yote hayo ni kweli na niliyarudia njia nzima. Sikuligusa lile gunzi.

Mama nilimweleza kila kitu, maana kumficha nisingeweza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nenda ukamkaribishe," akasema.

"Nenda wewe. Wewe ndiye uliyemwelekeza."

"Mimi nimeshasema yangu. Nikibadilisha ataona nimechanganyikiwa. Nyumba hii ni yako, mwanangu. Anayekaribisha ni mwenye nyumba."

"Mama, mimi siongei na viti."

Alianza kufunga mizigo. Alichukua mfuko wake mmoja, akaweka kanga, kitabu cha nyimbo na sufuria ndogo. Alikuwa ameshazungumza na jirani kwa simu nikiwa kazini, na ufunguo ulikuwa unamsubiri.

"Jumamosi nakwenda kule," alisema. "Nakwenda kukaa na mwenzangu."

Aliyasema bila kununa, na ndiyo maana yaliniogopesha. Nimewaona wagonjwa wanaosema hivyo. Wanaacha dawa kwenye kikombe, wanageukia ukutani, na damu zao ninazipima kwa wiki chache tu. Nilimwona mama peke yake katika nyumba ile ya mwisho, na kiti kile barazani, na mimi mjini nikipiga simu isiyopokelewa. Nilimpoteza baba nikiwa hospitalini, katikati ya mashine zangu zote. Nilikuwa nampenda mama kuliko nilivyoipenda akili yangu timamu. Hilo nililijua Ijumaa nikiwa zamu, katikati ya foleni ya chupa za damu.

Nilipotoka kazini mchana sikurudi nyumbani. Nilishuka Uyole, nikavuka, nikafuata mikaratusi. Jirani hakuwepo. Nilisimama mbele ya baraza na mkoba wangu begani, nikiwa bado na harufu ya dawa za maabara mikononi, na nilijisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Shikamoo baba," nikasema.

Ukungu ulikuwa unapita kati yangu na kile kiti. Nikaanza kueleza kama ninavyowaeleza wagonjwa wazee, taratibu na kwa sauti. Nikamwambia mama alikosea, si makusudi, mimi ndiye niliyebadilisha nyumba baada ya yeye kuaga. Sasa tuko Soweto. Arudi mpaka barabarani. Mjini aulize duka la vipuri vya pikipiki. Mlango wa ngazi uko ubavuni, apande, asikimbie, apumzike katikati, ghorofa ya tatu, mlango wa bluu. Nikamwambia mama hali vizuri. Nikamwambia kiti chake kinagonga na mimi sijui la kufanya. Hapo nikalia, nikalia kwa nguvu, maana tangu tumzike sikuwa nimemwambia chochote, nikiamini hakuna wa kuambiwa.

"Karibu kwangu," nikasema. Nikageuka nikaondoka. Sikutazama nyuma mpaka barabarani.

Jioni mama hakuniuliza nilikuwa wapi. Mfuko wake ulikuwa mlangoni, umefungwa. Tulikula kidogo, tukalala.

Niliamka jua limeshatoka na pikipiki zimeshaanza kunguruma chini. Nilimsikia mama akiburuta kandambili kutoka jikoni na kikombe chake. Nilijikaza kama nilivyokuwa nikijikaza kila asubuhi, nikisubiri akae, nisikie ko. Mninga ulilia kidogo, kama mbao zinavyolia zikipata uzito. Alikuwa amekaa. Nikasubiri. Nilimsikia akiegemea, akipuliza chai, akiegemea tena. Sakafu ilikuwa kimya.

Nilitoka chumbani bila viatu. Mama alikuwa dirishani, jua likimpiga magotini. Mfuko haukuwa mlangoni. Sufuria ndogo ilikuwa jikoni, imeshapikiwa uji.

"Umekitengeneza kiti?" nikamuuliza.

"Mimi?" akasema. "Sikuweza hata kuinama jana, mgongo ulivyoniuma." Akanywa chai. "Chukua uji wako kabla haujapoa. Na uniletee dawa zangu."

Ndani mwetu hamkuwa na mahindi. Unga tulinunua uliosagwa. Nilimletea dawa zake na maji, nikamsimamia akameza, halafu nikakaa sakafuni karibu na miguu yake kunywa uji. Ningeinamisha kichwa kidogo tu ningeona kilichokuwa chini ya kile kiti. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kuangalia. Nilikunywa uji wangu mpaka ukaisha, nikitazama dirishani.